Nilivyopanda Kilima Kumlilia Aliye Hai

Kilima chenyewe ni kidogo. Kijana mwenye miguu yake anatoka kwenye bomba la barabarani mpaka nyumba ya juu kabisa kabla chai haijachemka. Mimi nimekaa chini yake miaka zaidi ya thelathini, hapa Kirumba, nyuma ya soko la samaki, na katika miaka hiyo yote nilikuwa nimekipanda mara moja tu. Sikuwa na shida ya miguu wakati huo. Juu kulikuwa na nyumba ya mke mwenzangu.

Nieleze vizuri, maana watoto wangu nao wanaifahamu nusunusu. Mume wangu alinioa kanisani, kwa pete na kwaya, kwetu upande wa Kisesa. Tulipokuja mjini tukazaa watoto wanne, halafu akaoa tena. Akaoa binti wa Kikerewe aliyekuwa anaanika dagaa pale mwaloni mitumbwi inapoegeshwa, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mcheshi, mwenye mwanya. Kanisa likamtenga mume wangu, akakaa nje ya meza ya Bwana mpaka alipokufa, na kila Jumapili alinisindikiza mpaka mlangoni akarudi. Mimi alinipangia vyumba viwili hapa chini. Yule akamjengea juu.

Watu wataniambia chini ni bora, maji yako karibu na gari linafika. Ni kweli. Mlimani wanajenga wasio na uwezo wa kiwanja cha tambarare, na kila tofali linapanda kichwani mwa mtu. Lakini pale juu palikuwa na jiwe kubwa kama lori, limekaa mahali pa sebule. Mume wangu akalichoma. Alikuwa anakusanya matairi mabovu, anayawasha juu ya jiwe, moto unalala pale mpaka jiwe linakuwa jekundu chini, halafu anamwaga maji linapasuka. Kisha nyundo. Kipande kwa kipande, miezi na miezi, baada ya kazi yake ya kugongea mitumbwi misumari. Na jioni alikuja kwangu kuoga. Alikuwa mweusi kwa moshi, mpaka tundu za pua, na maji niliyochota mimi ndiyo yaliyomwosha moshi wa jiwe la mwenzangu. Hilo ndilo lililonikaa. Kuoa alinioa wa kwanza, sikatai, ila hakuna jiwe alilowahi kunivunjia.

Jiwe lilipokwisha alinipandisha nikaone. Ndiyo ile mara moja. Nikasema pazuri, nikashuka.

Mbele za watu mimi na mwenzangu tulikuwa tunaelewana. Akinikuta sokoni ananiambia, "Shikamoo dada," nami naitika marahaba huku naangalia miguu yake. Watoto wake waliniita mama mkubwa, nami niliwapa samaki. Hakuna mtu aliyewahi kusikia ugomvi wetu, kwa sababu haukuwahi kutoka mdomoni.

Sasa niseme habari ya simu. Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaishia, simu yangu ya vitufe ililia asubuhi nikiwa naanika dagaa uani. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa binti mkubwa wa mwenzangu, anayekaa naye kule juu. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, na mwalimu wetu alikuwa akisinzia, kwa hiyo nasoma kwa kuunga silabi kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Uliandikwa hivi: SHIKAMOO MAMA MKUBWA. MAMA AMERARA. UKIWEZA PANDA.

Herufi hazikunisumbua. Huku kwetu r na l tunazibadilishabadilisha tu, mimi mwenyewe nasema karamu nikimaanisha kalamu, na ile nyumba ndiyo kabisa. Nikajua ni amelala. Kilichonipoteza ni maana. Kanisani kwetu mtu akifa katibu anasimama na karatasi, anatangaza, "Ndugu yetu amelala." Kila Jumapili nalisikia neno hilo, na kila mara ni jeneza. Tena nikajiuliza, mtu aliyesinzia tu nani anamwandikia mwenzake apande mlima?

Nikakaa juu ya ndoo. Nitasema ukweli kwa kuwa umri wangu haunidai tena kujipamba: uchungu haukuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni nafuu. Nilipumua. Nikasema moyoni, basi, hakuna tena wa kuniuliza. Halafu ile nafuu ikanitisha.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikafunga mchele na dagaa wa kupeleka msibani, nikamwomba jirani aniangalizie vya uani. Chini ya kilima wanakaa vijana wa bodaboda. Mmoja akaniita.

"Bibi, unapanda huko? Pikipiki haifiki, labda nikubebe mgongoni."

"Nibebe basi."

"Aa, bibi, utanivunja kiuno na bado sijaoa."

Wenzake wakacheka. Siku nyingine ningemjibu, mdomo ninao. Siku hiyo nilipita.

Kilima chetu hakina njia yake peke yake. Njia inapita uani kwa watu. Unapanda ngazi sita za saruji alizomwaga mtu kwa ajili ya mlango wake, unatokea jikoni kwa mwingine, unainama chini ya kamba ya nguo, unapita kati ya mawe mawili ambapo mtu mnene anaingia ubavu, unatokea uani kwingine. Kwa hiyo unapanda kwa hodi. Hodi jamani, karibu mama, shikamoo, marahaba, hamjambo, napita tu. Ukikosa adabu hufiki. Mabomba ya maji yametambaa juu ya mawe, mengi makavu, na wanawake wanapanda na ndoo kichwani bila kushika, wanakupita huku wanakusalimia, hata pumzi haiwatoki. Pimbi wamekaa juu ya mawe wanaota jua kama wenye nyumba.

Nikashangaa jambo moja. Uani kwa mama mmoja, karibu nusu ya kilima, walikuwa wanamenya viazi wanacheka. Redio inapiga. Nikakasirika. Nikasema watu wa siku hizi, jirani yao kafa hapo juu na wao wanacheka na viazi. Nikawasalimia kwa sauti ya msiba, wakaitika kwa adabu, wakaendelea kucheka. Sikujiuliza zaidi ya hapo. Mtu akishaamini jambo, kila kitu anakiona kwa jambo hilo.

Miguu ikakataa kidogo juu ya hapo, nikakaa kwenye jiwe. Ndipo nikageuka. Nikaliona ziwa, jeupe kwa jua, na mitumbwi imelala mwaloni, na chini yangu mabati. Nikayatafuta ya kwangu, nikayaona. Nikayaona vizuri kabisa, na ua wangu, na kitambaa cheusi nilichoanikia dagaa, na jirani yangu akifukuza kuku. Ningemwita angenisikia. Nikajua kumbe yeye kule juu alikuwa anauona ua wangu kila siku ya Mungu, na mimi sikuwahi kulifikiria.

Hapa lazima niseme nilichokuwa nimekibeba, zaidi ya mchele.

Mume wetu alipougua mwisho, miaka kumi na miwili sasa, alikuwa kwangu. Miguu ilikuwa imevimba, kupanda hawezi. Siku mbili alimwita mwenzangu. "Mwite yule wa juu," alisema asubuhi. Nikasema nitamwita. Mchana akauliza, amekuja? Nikasema nimemtuma mtu. Sikutuma mtu. Binti wa mwenzangu alipokuja kumjulia hali baba yake nilimzuia mlangoni, nikamwambia analala, hali ni nzuri, mwambie mama asijisumbue, nitamwita mwenyewe. Siku ya pili mume wetu akauliza tena. Akauliza mpaka nikachoka kuulizwa, nikamwambia, "Amekataa. Anasema kushuka na kupanda kunamchosha."

Alfajiri yake akafa.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza miaka yote hiyo. Nilitaka awe wangu peke yangu siku mbili. Hakuna jibu kubwa zaidi ya hilo.

Sasa kwetu, mtu anapokwenda msibani haanzi kulia ndani. Anaanza mbali, kabla ya ua, mikono kichwani, na katika kulia anaongea na marehemu. Unamwambia yaliyokuwa kati yenu. Unamlaumu kama ulikuwa na lawama, unamwomba radhi kama ulimkosea. Na watu wakisikia hawakushiki kwa maneno hayo, maana ni ya kilio. Mimi nilikuwa nimepanga hivyo nikiwa pale kwenye jiwe. Nitamwambia katika kilio, nikasema. Nitayatoa yote, hawezi kunijibu, na watu watadhani ni uchungu.

Nikainuka. Nilipouona mlango wake nikafungua mdomo.

"Yoyoyooo, mdogo wangu! Mdogo wangu umeniacha na nani! Nisamehe, mdogo wangu, nisamehe! Alikuita! Siku mbili alikuita, nikakuficha! Sikumtuma mtu! Nikamwambia umekataa, mdogo wangu, nikamwambia kilima kinakuchosha! Amekufa anajua ulimkataa, yoyoyooo!"

Nililia vizuri, kama kulia nako kunasifiwa. Nikajitupa chini mbele ya mlango, mchele ukamwagika. Milango ya majirani ikafunguka. Mwanamke mmoja akatoka mbio, akaniona, akashika kichwa naye akaanza kulia. Wa pili akaja anafunga kanga. Mmoja wa wale wa viazi alipanda mbio na kisu mkononi.

"Kafa saa ngapi?" akauliza anahema. "Nimetoka kumpa uji sasa hivi!"

"Uji gani?"

"Uji, si uji! Kaunywa wote, tena kalalamika sukari ndogo!"

Binti yake akatokea mlangoni, ana unga mikononi, macho yamemtoka. "Mama mkubwa, nani kafa?"

Nikamwambia, nikiwa bado chini, "Si umeandika mama amelala?"

"Amelala! Amelala kitandani, mguu umemkataa, hainuki wiki ya tatu! Nilikuita uje umwone, anakuuliza!"

Halafu yule wa kisu akaanza, akacheka mpaka akakaa chini, na mwingine akasema, "Mama, umetuua wote asubuhi hii." Yule aliyekwisha kulia akafuta machozi kwa kanga, kaudhika. Hata mimi mdomo ulitaka kucheka. Ungekuwa msiba wa kuchekwa mtaa mzima mpaka leo, kama kilio changu kingekuwa cha maneno ya kawaida.

Ndipo sauti ikatoka ndani. Haikuwa kubwa.

"Dada. Ingia."

Wale waliokuwa wanacheka wakaacha. Wakakumbuka nilichokuwa nimekisema. Nikaona wanakumbuka, mmoja mmoja. Binti yake alikuwa ananitazama tu, unga unamdondoka vidoleni. Yeye ndiye niliyemzuia mlangoni kwangu.

Nikaingia. Alikuwa amelala pale pale sebuleni, karibu na dirisha, amekonda, mwanya umebaki. Sikumsalimia. Yeye akasema shikamoo, kama siku zote, na mimi nikashindwa kuitika. Nikakaa sakafuni.

"Alisema mwite yule wa juu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Alisema hivyo hivyo? Yule wa juu?"

"Hivyo hivyo."

Kuku aliingia, akatoka. Halafu akasema, "Siku aliyokufa nilikuwa nafua, hapo nje. Niliona watu wanaingia uani kwako, wanaume wanaleta mabenchi. Nikayahesabu mabenchi. Nikajua. Hakuna aliyeniambia, dada. Nilijua kwa mabenchi."

Mimi ninayeongea mpaka samaki wanachoka, nikaanza kuokota punje za mchele zilizonasa kwenye kanga yangu.

"Umesema siku mbili," akasema. "Nieleze."

"Nimekwisha sema."

"Umelia. Sasa nieleze."

Nikamweleza. Nikaanza asubuhi ya siku ya kwanza, alivyoamka, alivyokataa uji akataka chai ya rangi. Akaniuliza alikuwa amelalia ubavu gani. Nikasema wa kushoto, kulia kulikuwa kunamuuma. Akauliza amejifunika nini. Nikasema blanketi la kijivu. Akauliza nani alimwosha. Nikasema mimi. Akafumba macho, akasema, "Endelea." Tulipofika mchana wa siku ya kwanza alichoka. Akasema, "Njoo kesho."

Nikaja kesho. Nikaja keshokutwa. Kila asubuhi napanda kwa hodi, uani kwa watu wale wale, na sasa wanaitika karibu mama bila kunitazama. Kijana wa bodaboda naye hakunitania tena, kilima kizima kilikuwa kinajua. Kila asubuhi nakaa sakafuni, namweleza. Akitaka kitu ananirudisha nyuma: hapo alipokohoa, ulimpa maji au hakutaka? Mtu gani alikuja kumwona jioni? Alizungumza habari za watoto? Watoto gani? Nikawa nakumbuka vitu ambavyo nilidhani nimevizika. Nikakumbuka kwamba alicheka mara moja, siku ya pili, panya alipopita juu ya boriti. Nilipomwambia hilo naye akacheka, kidogo, akaweka mkono kinywani kuficha mwanya kama alivyokuwa anafanya alipokuwa msichana. Nilifikiri, labda tunafika mahali. Kusema kweli nilianza kupenda kupanda. Nilikuwa sijawahi kukaa na mtu nikamsimulia habari za mume wangu bila yeye kuchoka. Watoto wanachoka. Huyu hakuchoka, maana alikuwa wake pia.

Siku ya tano tukafika jioni ya siku ya pili. Nilijua tumefika. Nililijua swali lake tangu siku ya kwanza, na usiku uliotangulia nilikuwa nimeliandalia jibu. Nilipanga kusema aliniambia, msamehe, amechoka tu, nampenda. Maneno matatu, mazuri, yangemfaa mgonjwa. Hakuna shahidi. Uongo wa pili wa kuponya wa kwanza.

Akaniuliza. "Ulipomwambia nimekataa, alisema nini?"

Binti yake alikuwa mlangoni, anachambua mchicha. Mikono ikasimama.

Nikafungua mdomo na lile jibu lilikuwa pale, tayari, tamu. Nikamtazama. Alikuwa amenikazia macho, anangoja kama alivyongoja miaka kumi na miwili bila kujua anangoja. Nikaona nikimpa lile, nitakuwa nimemnyima mume wake mara ya pili, nimempa mtu mwingine niliyemtunga mimi.

"Alisema, basi," nikamwambia. "Akageukia ukutani. Hakukuita tena. Hakuuliza kitu tena mpaka alfajiri."

"Basi?"

"Basi, peke yake."

Akatazama dirishani. Sikulia. Kilio changu nilikwisha kukimaliza siku ile mlangoni, kwa mtu aliyekuwa hai, na hakikurudi. Mwishoni akageuza kichwa kwa binti yake, akasema, "Nipe maji." Akanywa. Akafuta mdomo. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonea huruma mzee anayetembea juani:

"Dada, kesho usipande. Nitakuita."

Nikasema sawa. Nikashuka.

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Simu naichaji kila siku, hata umeme ukikatika napeleka kwa fundi wa redio achaji kwa betri. Binti yake anashuka Jumamosi kununua dagaa, anakuja kwangu, ananunua kwangu hata kama bei yangu imezidi ya wengine kidogo. Ananisalimia, naitika. Namfungia, naongeza mkono mmoja juu.

"Hajambo mama?"

"Hajambo. Juzi alikaa kidogo nje."

"Hajasema kitu?"

Anafunga fundo la mfuko, analikaza, anaangalia fundo.

"Hajasema, mama mkubwa."

Anapanda. Namtazama mpaka anapoinama chini ya ile kamba ya nguo, halafu mawe yanamficha.